Chungu Juu ya Rafu ya Gamsil

Mimi napenda kula, na sioni haya kusema hivyo. Ndiyo maana nilimjua Gamsil kabla ya wengine wote nyumbani. Mwenye njaa hana kazi nyingine ila kutazama bakuli la mwenziwe.

Gamsil alikuwa mke wa mwana mkubwa wa nyumba ile, mimi mke wa mwana wa pili. Mke aliyeolewa kijijini kwetu aliitwa kwa jina la kijiji alikozaliwa, kwa hiyo yeye akawa Gamsil na mimi Banwol, na majina tuliyopewa na wazazi wetu tukayaacha huko huko. Mama mkwe na wanaume walikula chumbani, kwenye sakafu iliyopashwa moto kwa chini. Sisi wawili tulikula jikoni, tumechuchumaa mbele ya majivu, wote wakishamaliza. Mwaka ule Wajapani waliokuwa wakitutawala walichukua mpunga mwingi kuliko walivyowahi kuchukua, na uliobaki tuliuchanganya na shayiri, na shayiri tukaichanganya na majani ya figili, mpaka punje nyeupe ikionekana bakulini unatamani kuisalimia.

Katika njaa hiyo, kila alipopima mchele wa kupika, Gamsil alitenga kwanza fungu lake mwenyewe. Humo alichota kijiko kimoja kilichojaa, akakimimina kwenye kichungu cheupe. Asubuhi kijiko, jioni kijiko. Mafungu ya wengine hakuyagusa hata punje. Tulipopakua, bakuli lililopungua lilikuwa lake, naye akajaliza tumbo kwa maji ya ukoko.

"Dada," nilimwambia siku ya kwanza nilipomfuma, "hicho kijiko ni cha nani?"

"Cha Bwana."

"Bwana yupi? Wako yuko Manchuria anachimba makaa."

Akacheka mpaka akashika ubavu. "Wa kanisani, Banwol. Kila mwanamke kule anatenga kijiko kwenye fungu lake, halafu Jumapili tunapeleka. Anakula yule mjane kipofu wa ng'ambo ya kijito, pamoja na wale watoto wawili aliowaokota."

"Na wewe anakulisha nani? Una mtoto titini."

"Nimeshiba."

"Umeshiba maji."

"Maji nayo yanajaza tumbo."

Nilimwona mjinga. Nasema ukweli, nilimwona mjinga aliyekosa hata akili ya kujificha, na bado sikuchoka kumtazama. Mimi ningeweza kutenga kijiko kimoja siku moja nikiwa nimefurahi. Yeye alitenga hata siku aliyotoka kupalilia kutwa nzima, na hata siku ambayo mtoto wake, Dolsoe, alivuta titi akalia kwa hasira kwa sababu halikutoa kitu. Siku hiyo alisimama na kijiko mkononi kwa muda, akatazama mchele, akamtazama mtoto. Kisha akachota. Nikamsogezea nusu ya ukoko wangu, na yeyote anayenijua atakwambia hilo halikuwa jambo dogo.

Ila haikuwa njaa iliyomtia matatani. Ilikuwa tambiko.

Sikukuu ya mwaka mpya iliyotangulia, Gamsil alipika chakula chote cha tambiko la wahenga. Alikaanga samaki, akachemsha nyama, akapanga sahani mezani kwa namna ambayo hata mama mkwe hakupata pa kukosoa. Zamu yake ya kuinama mbele ya meza ilipofika, akasimama mlangoni na mikono yake tumboni. Akasema kwa heshima kabisa kwamba waliokufa anawakumbuka na waliopo atawatumikia, lakini kusujudu anamsujudia Mungu peke yake. Chumba kizima kikaganda. Mke wa mwana mkubwa! Kama ningekuwa mimi wangenizaba kofi na mambo yakaisha, lakini mke wa mwana mkubwa ndiye nguzo ya tambiko la nyumba.

Mama mkwe hakumpiga. Alikuwa mjane mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo iliogopwa kuliko kelele za wengine. Alimwambia hivi: "Tambiko la baba yako mkwe liko vuli, mavuno yakishaingia. Siku hiyo utainama kama mke wa nyumba hii. La sivyo utarudi kwenu Gamsil, na mjukuu wangu atabaki kwangu."

Hilo halikuwa tishio la hasira. Mtoto wa kwetu ni wa ukoo wa baba. Mke akifukuzwa huondoka na nguo zake, na mtoto hatamwona tena ila kwa kuchungulia. Gamsil alilijua hilo, na kijiji kizima kililijua. Tangu mwaka mpya mpaka vuli nilimwona akimbeba Dolsoe mgongoni hata pale ambapo angeweza kumlaza.

Mama mkwe naye alikuwa na mzigo wake. Katika nyumba yetu palikuwa na chungu cha mizimu, kama nyumba zote za watu wa maana: kichungu chenye mchele msafi, kimefunikwa karatasi nyeupe, kimefungwa uzi, kimekaa mahali pa juu. Kila mavuno mchele mpya uliwekwa humo, na mchele ukikaa mkavu nyumba iko salama. Mwaka ambao mwanawe mkubwa aliondoka, alikifungua akakuta mchele umeota ukungu wa kijani. Hakumwambia mtu, lakini mimi nilimwona. Alikipeleka mtoni, akarudi mikono mitupu, na tangu hapo hatukupata habari yoyote ya yule mwana. Kuweka chungu kipya hakuthubutu. Kwa desturi, chungu kikiharibika mikononi mwa mama mkwe, cha pili huwekwa na mke wa mwana mkubwa, kwa hiari yake, kwa mchele aliojinyima mwenyewe. Na mke wa mwana mkubwa ndiye huyo, anaimba nyimbo za kanisani akisukuma kuni jikoni.

Sasa nadhani umeshaona jambo lenyewe linakokwenda. Mimi sikuliona mpaka siku moja kabla ya tambiko.

Gamsil alikuwa kijitoni anaosha figili, mtoto mgongoni. Mama mkwe aliingia chumbani kwa Gamsil kutafuta mkeka wa tambiko. Mimi nilikuwa jikoni, nikionja mchuzi mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mara nikasikia anaita.

"Banwol! Banwol, njoo! Njoo uone dada yako alivyofanya!"

Nikajua ameona mchele na sasa kutakuwa na neno wizi. Nikakimbia. Nikamkuta mama mkwe amepiga magoti mbele ya rafu ya juu anasugua viganja vyake kwa maombi, machozi yanamtiririka. Kwenye rafu palikuwa na kile kichungu cheupe. Gamsil alikuwa amekipandisha huko kwa sababu ya panya. Kwa sababu ya vumbi alikuwa amekifunika karatasi nyeupe, na kwa sababu karatasi haikai bila kufungwa, amekifunga uzi.

"Nimekifungua," mama mkwe aliniambia. "Mkavu! Mweupe kama meno ya mtoto. Kumbe alikuwa anajinyima kimyakimya, na mimi namwona anakonda, nasema ni kiburi cha dini yake. Ameweka chungu, Banwol. Mwanangu atarudi."

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Mdomo huponza kichwa.

"Habari za kuinama kesho tuziache," akaendelea, anajifuta macho kwa upindo wa sketi. "Sitamlazimisha. Atainama atakapokuwa tayari. Aliyeweka chungu amekwisha rudi nyumbani." Akasimama kwa wepesi ambao sikuwa nimeuona kwake tangu mumewe afe, akatoka kwenda kisimani kuwaambia wanawake wenzake waje alasiri ile ile wakitazame.

Nilimvizia Gamsil langoni, nikamvuta nyuma ya mitungi ya soya, beseni lake la figili bado kichwani.

"Dada, sikiliza, na usiseme neno mpaka nimalize. Mama ameona kichungu chako. Anadhani umeiwekea nyumba chungu cha mizimu. Amefurahi, amelia, amesema kesho huna haja ya kuinama. Umesikia? Huna haja ya kuinama! Mtoto unabaki naye."

Alishusha beseni polepole. "Anadhani nini?"

"Usirudie kwa sauti!"

"Lakini si kweli, Banwol."

"Nani amekuambia useme si kweli? Wala sikuombi useme uongo, najua nyinyi watu wa kanisani. Nakuomba unyamaze tu. Wewe ni bingwa wa kunyamaza. Unakula majani mwaka mzima hujalalamika, leo ndiyo mdomo ukuwashe?"

Akakaa juu ya jiwe. Uso ulimwishia damu, akaikalia mikono yake. Watu wakisimulia habari za watu jasiri huwafanya kama chuma. Mimi niliyekuwepo nakwambia Gamsil aliogopa. Aliogopa mpaka akageuka pembeni akatapika yale maji yake ya ukoko.

"Amekipigia magoti?" akauliza.

"Amesugua viganja kama binti anayeomba mchumba."

"Amemwombea nani?"

"Mume wako. Nani mwingine?"

Hapo machozi yalimtoka. "Basi Mama amefungua moyo wake wote, ameuweka kwenye kichungu cha mchele wa kipofu. Jumapili nitakimwaga kwenye mfuko. Nitayapeleka wapi macho yangu?"

"Utampelekea macho mtoto wako! Weka kichungu kingine. Mpe kipofu mchele kutoka kwangu, nitakula kidogo. Mimi, Banwol, nakuambia nitakula kidogo!"

Alicheka katikati ya kilio, akanishika mkono. "Najua hilo limekugharimu." Dolsoe, aliyekuwa mgongoni, akamvuta nywele. "Mwaka mzima nilidhani kujikana ndiyo kile kijiko," akasema. "Nilikuwa najisifu kidogo moyoni, Mungu anisamehe. Kijiko ni rahisi. Leo naombwa bakuli zima."

"Na mtoto je? Mtoto naye ni bakuli?"

Nilikuwa nimemchoma mahali panapouma, na nilifanya makusudi, kwa sababu nilimpenda na sikutaka aende. Alisimama, akajifuta mdomo, akaelekea chumbani kwa mama mkwe kabla majirani hawajafika. Aliwahi makusudi. Hakutaka yule mzee aaibishwe mbele ya watu.

Nilimfuata hadi mlangoni. Mama mkwe alikuwa ametandika mkeka mzuri, amekishusha kichungu na kukiweka juu ya meza ndogo. Alipomwona Gamsil akanyoosha mikono yote miwili. "Njoo, mwanangu. Njoo ukae hapa."

Hakuwahi kumwita mwanangu. Miaka yote ile, hata mara moja. Nikasema moyoni, sasa Gamsil hawezi tena kusema ukweli.

Gamsil akapiga magoti. "Mama, kichungu hiki si cha mizimu. Ni mchele wa kanisani. Nimeutoa kwenye fungu langu, sikugusa la mtu. Nimekifunika kwa ajili ya vumbi tu. Nisamehe kwa kuwa umedhani vingine, na mimi sikuwahi kukuambia."

Mama mkwe alibaki na mikono yake hewani. Kisha ikashuka. Nilitamani apige kelele.

"Ungeweza kunyamaza," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Nilikwisha kukusamehe. Ungenyamaza tu, nyumba hii ingekuwa yako."

"Ndiyo, Mama."

"Na kesho?"

"Kesho nitapika kila kitu. Sitainama."

Mama mkwe akatazama ukuta. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini kuliko siku zote. "Mnyonyeshe mtoto kwanza. Halafu uende."

Gamsil alifungua mbeleko, akamweka Dolsoe kifuani. Mtoto alinyonya akichezea kifungo cha koti, akamaliza, akacheua, akacheka na mama yake. Nikatoka nikaenda kusimama uani kwa sababu sikuweza kuvumilia. Niliporudi Gamsil alikuwa amemkabidhi mtoto kwa bibi yake. Alimwinamia mama mkwe hadi paji la uso likagusa sakafu, heshima kamili ya mkwe kwa mama aliye hai, wala hakuiharakisha. Alipopita jikoni alinipa maagizo: nyama iwe kwenye moto mdogo, samaki nisimgeuze kabla ngozi haijashika, na nisile maandazi ya tambiko kabla ya wahenga. Nikapunguza kuni za moto wa nyama. Akatoka langoni na kifurushi cha nguo, mgongo wake mtupu.

Mama mkwe hakusogea. Dolsoe alianza kulia, kwanza kwa kuuliza, kisha kwa kudai.

"Banwol. Ulijua?"

"Nilijua, Mama."

"Ulimshauri nini?"

Nilikuwa nimekwisha choka kuogopa siku ile. "Nilimshauri anyamaze. Nilimsihi. Nikamtajia mtoto."

"Akasema nini?"

"Alitapika. Halafu akaja kukuambia. Amewahi ili majirani wasikukute unakisujudia."

Mzee akafumba macho. Mtoto analia. Akamwinua, akamweka mgongoni mwake, akahangaika na mbeleko ambayo hakuwa ameifunga kwa miaka mingi. Nikamsaidia fundo. Lilikaa upande, lakini hakungoja nilirekebishe. Akatoka nje, nami nyuma yake.

Langoni tukakutana na wanawake wa kisimani, wamevaa vizuri, nyuso zimejaa hamu. Bibi wa Tongmae, jirani aliyependa habari kuliko mimi ninavyopenda ukoko, alikuwa mbele.

"Hongera, hongera! Kiko wapi hicho chungu? Na mkweo yuko wapi tumpongeze?"

Nilimtazama mama mkwe. Angeweza kusema lolote. Angesema chungu hakitazamwi siku hiyo, au mkwe anaumwa, na wangerudi makwao na heshima yake ingebaki kichwani pake kama ilivyokaa siku zote. Alikuwa mzee, mjane, mama wa nyumba kubwa, na maisha yake yote hakuwa amesema mbele ya watu maneno aliyoyasema hapo.

"Hakuna chungu," akasema. "Nilikosea. Ni mchele wa kanisani, aliojinyima kinywani mwake awape maskini. Mimi nimeusujudia kama mpumbavu. Yeye ndiye aliyeniambia, akijua nitamfukuza. Na nimemfukuza. Nipisheni."

Wakapisha. Bibi wa Tongmae alibaki mdomo wazi, na nadhani hiyo ndiyo mara ya pekee ulipokuwa wazi bila kutoa kitu.

Tulimkuta Gamsil kijitoni, kwenye mawe ya kuvukia. Alikuwa amesimama jiwe la katikati, hajaenda wala hajarudi, analia kwa sauti kama mtu anayejua hakuna anayemsikia. Dolsoe akamwona, akanyoosha mikono. Mama mkwe akasimama ukingoni anahema.

"Wewe! Mtoto ana njaa."

Gamsil akageuka. Aliona mtoto, aliona mbeleko iliyokaa upande, na kwa furaha aliyokuwa nayo usoni nilidhani ataruka majini. Lakini hakuruka. Alijizuia pale pale, na mpaka leo sijui alipata wapi nguvu ile.

"Mama," akasema, "kesho sitainama. Wala kesho kutwa. Usije ukanirudisha kwa kudhani vingine tena."

Nikasema moyoni: Ee Mungu wa Gamsil, mfunge mdomo huyu mwanamke!

Mama mkwe alikanyaga jiwe la kwanza, akakanyaga la pili, na maji ya vuli yakalowanisha soksi zake nyeupe. Akamshika mkono.

"Nina mwana nyumbani, mkwe mwingine na kijiji kizima," akasema, "na wote wananiambia ninachopenda kusikia. Rudi nyumbani, mwanangu. Rudi unikatalie."